Kuboresha hifadhidata yenye akiba za watu ndani

Mfumo tuliokabidhiwa ulikuwa wa SACCOS moja ya wafanyakazi hapa Dar es Salaam: wanachama, hisa, akiba, mikopo na marejesho, umeandikwa kwa Python, Flask juu kwa kurasa za wavuti na SQLAlchemy chini kwa kuzungumza na hifadhidata. Ulikuwa unafanya kazi. Mhasibu aliutumia kila siku, wanachama walipata taarifa zao, na bodi ilitaka tuongeze mambo mawili tu: mikopo ya dharura, na ujumbe mfupi wa kumkumbusha mdaiwa kabla ya tarehe ya rejesho. Yote mawili yalihitaji kolamu chache mpya kwenye majedwali yaliyokuwapo. Hizo kolamu chache ndizo zilizotutoa jasho, na nayaandika haya kwa sababu mafunzo mengi huanza na hifadhidata tupu, ilhali wengi wetu tunakabidhiwa iliyojaa, tena imejaa fedha za watu.

Waliotutangulia hawakuacha hata faili moja la migresheni, yaani faili linaloeleza badiliko la muundo wa hifadhidata ili liendeshwe popote. Programu ilipowashwa iliita `db.create_all()`, na watu wengi hawajui mipaka ya amri hiyo. Huunda majedwali ambayo hayapo, lililopo hailigusi. Ukiongeza kolamu kwenye modeli (msimbo wa Python unaoeleza jedwali), inalikuta jedwali lipo, inapita zake, wala hailalamiki. Kwa hiyo kila kolamu ilipohitajika, mtu aliingia kwenye seva kwa psql (programu ya kuandikia hifadhidata amri) akaandika `ALTER TABLE` kwa mkono. Kwenye laptopu walikuwa na njia nyingine: skripti iliyoitwa `anza_upya.py`, iliyofuta kila kitu kwa `drop_all()`, ikaunda upya, kisha ikaingiza wanachama wa mfano. Skima (muundo wa majedwali) ya kazini ilijengwa kwa njia moja, ya kwenye laptopu kwa njia nyingine, na hakuna aliyewahi kuzilinganisha.

Juu ya hapo, laptopu zilitumia SQLite na seva ilitumia PostgreSQL, mifumo miwili tofauti ya hifadhidata. Hili linaonekana dogo, kwa hiyo nitaeleza lilivyotuuma. Namba ya simu ya mwanachama ilihifadhiwa kama namba kamili, si maandishi. Mtu akiandika 0754 na kuendelea, sifuri ya mwanzo inapotea, zinabaki tarakimu tisa, na tarakimu tisa zinaingia kwenye `integer` ya PostgreSQL ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Hakuna aliyegundua kwa miaka. Tulipoanza kutuma ujumbe tulihitaji namba zianze na 255. Kwenye laptopu zilipita vizuri kabisa, maana SQLite hubeba namba kubwa zaidi ya hapo bila shida. Kwenye seva kila uhifadhi ulikataliwa kwamba namba imezidi kiwango. Tangu siku hiyo kila msanidi kwetu ana PostgreSQL ya toleo lilelile la seva kwenye mashine yake. Ni kazi ya saa moja kuiweka, na kama unaanza leo, anzia hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa migresheni tulichagua Alembic, iliyoandikwa na Mike Bayer, ambaye ndiye aliyeandika SQLAlchemy yenyewe. Mtumiaji wa Django (fremu nyingine ya Python) anazo zake ndani ya fremu tangu toleo la 1.7 la mwaka 2014, na mengi nitakayosema yanamhusu pia. Alembic ina jedwali lake dogo, `alembic_version`, lenye kolamu moja inayoshika namba ya migresheni ya mwisho iliyopita. Haina kumbukumbu nyingine. Haichunguzi kama majedwali yako yanafanana kweli na namba hiyo, inaiamini tu. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya matatizo yote yanayokuja baadaye.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupata mwanzo mmoja wa kuaminika. Tulichukua skima ya seva kwa `pg_dump --schema-only`, tukaiweka kwenye hifadhidata tupu pembeni, kisha tukaiagiza Alembic ilinganishe na modeli zetu kwa `--autogenerate`. Ilirudisha faili refu la migresheni, na katikati yake kulikuwa na mstari wa `op.drop_table` juu ya jedwali la wadhamini wa mikopo ya zamani. Kwenye msimbo jedwali hilo halikuwapo popote, na kwa Alembic kitu kilichoko kwenye hifadhidata bila kuwa kwenye modeli ni kitu cha kuondolewa. Nilimpigia mhasibu.

"Shikamoo mama. Kuna jedwali la wadhamini wa zamani humu, bado lina kazi?"

"Marahaba mwanangu. Hilo usiliguse. Kuna watu bado wanadaiwa na wadhamini wao wako humo humo. Yule kijana wa mwanzo ndiye aliyekuwa ananitolea ripoti kila robo mwaka."

Ripoti ile ilikuwa swali la SQL kwenye laptopu ya mtu aliyekwishaondoka. Kama faili lile lingepitishwa bila kusomwa, udhamini wa mikopo hai ungefutika na hakuna skrini ambayo ingeonyesha kosa lolote. Tuliliandikia jedwali hilo modeli, tukasawazisha tofauti nyingine zote moja baada ya nyingine hadi ulinganisho ukatoka mtupu, ndipo tukaandika migresheni ya msingi na kuitia seva alama kwa `alembic stamp`. Amri hiyo huandika namba bila kuendesha chochote. Ni sahihi pale tu ambapo una uhakika skima tayari iko hivyo. Ukiitumia kunyamazisha kosa, umeidanganya Alembic, na kila kinachofuata kitasimama juu ya uongo huo.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza likawa kwamba faili lililozalishwa na mashine husomwa kama msimbo wa mwanafunzi: mstari kwa mstari, na watu wawili. Mahali pa kukazia macho ni kubadili jina. Tulitaka kolamu `jina` iitwe `jina_kamili`. Alembic haiwezi kujua kwamba ni kitu kilekile. Iliandika kuondoa `jina` na kuongeza `jina_kamili`. Kwenye laptopu tupu migresheni hiyo inapita bila kelele. Kwenye seva ingefuta majina ya wanachama wote. Mistari hiyo miwili tuliifuta tukaandika mmoja, `op.alter_column('wanachama', 'jina', new_column_name='jina_kamili')`, na data ikabaki pale pale ilipokuwa.

Ile namba ya simu nayo ilikuwa na ya kwake. Kugeuza namba kuwa maandishi PostgreSQL inaweza yenyewe, lakini kuongeza kitu mbele yake inahitaji kuelekezwa, nasi tuliielekeza iunganishe 255 na zile tarakimu tisa ndani ya `postgresql_using`. Kabla ya kuendesha tulihesabu ni safu ngapi hazina tarakimu tisa. Zilikuwapo. Baadhi ya wanachama walikuwa na simu yenye thamani ya sifuri, kwa sababu fomu ililazimisha kujaza na karani hakuwa na namba ya kuandika. Wangegeuka kuwa na namba 2550, na mfumo ungewatumia ujumbe wa deni usiofika kokote. Hilo hulioni kwenye data ya mfano, maana data ya mfano huandikwa na msanidi, na msanidi huandika namba nzuri. Vivyo hivyo kwa kolamu mpya isiyoruhusu NULL (nafasi isiyo na thamani): kwenye jedwali tupu inaingia, kwenye jedwali lenye safu inakataliwa. Iongeze kwanza ikiwa inaruhusu NULL, jaza thamani, kisha kaza, na ukihitaji unaweza kuyafanya yote hayo ndani ya migresheni moja.

Hapa PostgreSQL ilitusaidia kwa namna ambayo sikuwa nimeithamini. Mabadiliko ya skima hukaa ndani ya muamala wa hifadhidata (kazi zinazopita zote pamoja au zisipite kabisa), kwa hiyo migresheni ikifia njiani yote hurudi kama ilivyokuwa. Kwenye MySQL kila `ALTER TABLE` hujithibitisha yenyewe, na migresheni iliyokatika katikati hukuachia nusu mpya na nusu ya zamani, namba ya toleo ikiwa bado ya nyuma. Ukiwa huko, andika migresheni ndogo ndogo, badiliko moja kila faili.

Sasa nije kwenye kufuta na kuanza upya, maana huko ndiko tulikoumia.

Wasanidi tulipenda `anza_upya.py` kupita kiasi. Migresheni ikigoma, unafuta, unaanza, unaendelea. Mazoea hayo yalitunyima kuona kwamba migresheni zenyewe zilikuwa zimeharibika. Isitoshe, `drop_all()` hufuta majedwali ya modeli tu; `alembic_version` si modeli, kwa hiyo inabaki na namba yake. Unafuta kila kitu, unaendesha `alembic upgrade head` (kupanda hadi migresheni ya mwisho), Alembic inaona namba ya mwisho ipo, inasema hakuna kazi, nawe umekaa na hifadhidata isiyo na jedwali lako hata moja. Kujaribu `alembic downgrade base` (kushuka hadi mwanzo) kuna mtego mwingine kwenye PostgreSQL: aina za enum (orodha ya thamani zinazoruhusiwa), kama yetu ya hali ya mkopo, hazifutwi pamoja na jedwali, na ukipanda tena unaambiwa aina hiyo ipo tayari. Njia safi ni kuifuta hifadhidata nzima kwa `dropdb`, kuiunda kwa `createdb`, kisha kupanda kwa migresheni mwanzo hadi mwisho, bila `create_all()` popote. Kuanzia PostgreSQL 13 kuna `dropdb --force` kwa pale programu inaposahaulika ikiwa imeunganishwa.

Skripti yetu ilikuwa na kinga. Ilikataa kufanya kazi kama anwani ya hifadhidata haikuwa `localhost`, yaani mashine hiyo hiyo. Siku moja mwenzetu alikuwa amefungua njia ya SSH kwenda kwenye seva ili atoe ripoti ya bodi, na njia hiyo huifanya hifadhidata ya mbali ionekane kama iko kwenye mashine yako mwenyewe. Alipomaliza ripoti alirudi kwenye kazi yake, kwenye dirisha lilelile, na akaendesha `anza_upya.py`. Anwani ilisema `localhost`. Kinga ikaridhika.

Simu ya mhasibu ilifika kabla hatujajua. "Mwanangu, mbona wanachama wangu siwaoni? Naona watu nisiowafahamu humu." Wale walikuwa wanachama wa mfano. Mwenzangu alisikia, akatazama skrini yake, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, nadhani ni mimi." Nilihisi miguu imeisha nguvu. Ni fedha za ada za watoto, za misiba, za mtu anayejenga chumba kimoja kimoja kule Chanika.

Jambo la kwanza tulilofanya, na ndilo ninalolishauri kuliko yote, ni kuizima programu. Skima ilikuwa kamili, kwa hiyo mfumo uliendelea kupokea miamala mipya juu ya majedwali ya uongo. La pili, hatukufuta kitu. Hifadhidata iliyoharibika tuliibadilisha jina kwa `ALTER DATABASE ... RENAME TO`, tukaiweka kando na miamala michache iliyoingia baada ya tukio. La tatu, nakala rudufu ya usiku tuliirudisha kwa `pg_restore` kwenye hifadhidata mpya kabisa. Nakala hiyo ilibeba na `alembic_version` yake, kwa hiyo tulijua bila kubahatisha ni toleo gani la msimbo linaendana nayo.

Nakala ilikuwa ya usiku. Malipo ya asubuhi hiyo hayakuwamo. Yaliokolewa na karatasi. Mhasibu hakuwahi kuacha vitabu vya risiti vyenye kaboni, hata baada ya mfumo kuja. Alivileta mezani, tukakaa watatu: mmoja anasoma namba ya risiti na kiasi, mmoja anaingiza, yeye anatia tiki kwa kalamu nyekundu na kulinganisha na taarifa za miamala ya simu. Jumla zilipokubaliana ilikuwa usiku. Hakumkaripia mtu. Alimwambia mwenzangu, "Kesho njoo mapema, usikae nyumbani na hili." Kijana yule ndiye leo anayesimamia migresheni zetu zote, na sijaona mwangalifu kama yeye.

Kinga tuliyoiweka baadaye haitazami anwani. Skripti huiuliza hifadhidata yenyewe jina lake kwa `SELECT current_database()`, na kama jina haliishii na `_dev` inasimama. Lakini skripti inaweza kuandikwa upya na mtu mwingine, kwa hiyo ulinzi wa kweli tuliuweka kwenye PostgreSQL. Majedwali ya kazini yanamilikiwa na mtumiaji mmoja wa migresheni tu. Programu huingia kwa mtumiaji mwingine mwenye ruhusa za kusoma, kuingiza, kubadili na kufuta safu, na watu wa ripoti wana mtumiaji wa kusoma tu. Kwenye PostgreSQL asiye mmiliki hawezi kuondoa jedwali, isipokuwa mmiliki wa skima au msimamizi mkuu. Laiti yangekuwapo hayo asubuhi ile, `drop_all()` ingekataliwa kwenye jedwali la kwanza. Pia tulianza kuhifadhi kumbukumbu za WAL (mafaili ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko), ili tuweze kurudi hadi dakika tunayoitaka badala ya usiku uliopita. Nafasi ya diski inagharimu fedha kila mwezi, na bodi ilihitaji kushawishiwa. Tuliwaonyesha vile vitabu vya risiti.

Na nakala rudufu ijaribiwe. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo, walifuta kwa bahati mbaya saraka ya data ya hifadhidata yao kuu, na walipokimbilia nakala za `pg_dump` wakakuta hazipo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Waliokolewa na nakala ya diski ya takribani saa 6 kabla. Walieleza yote hadharani, na ninawaheshimu kwa hilo. Sisi tunairudisha nakala kila wiki kwenye seva ndogo na kulinganisha jumla ya akiba na ile ya mfumo.

Upandishaji wenyewe kazini tunaufanya usiku, ofisi ikiwa imefungwa, na bado ulitugomea mara moja. `ALTER TABLE` kwa kawaida huhitaji kufuli inayomzuia kila mtu mwingine kwenye jedwali. Kulikuwa na dirisha la ripoti lililoachwa wazi na muamala usiofungwa. Migresheni ikausubiri, na maswali yote yaliyokuja nyuma yake, hata ya kusoma tu, yakapanga foleni nyuma ya migresheni. Mwanachama aliyetaka kuona salio lake kwa simu alikwama. Tulimpata aliyeshika kufuli kupitia `pg_stat_activity`, tukamkata kwa `pg_terminate_backend`. Sasa kila migresheni huanza na `SET lock_timeout = '5s'`: isipopata kufuli, inajitoa, nasi tunajaribu tena baadaye.

Kushuka kwa `downgrade` kazini hatufanyi. Kolamu iliyoondolewa ikirudishwa hurudi tupu, kwa hiyo tukikosea tunaandika migresheni mpya ya kwenda mbele. Ndani ya migresheni hatuiti modeli za programu, maana modeli hubadilika na faili la mwaka jana litavunjika; tunaandika SQL au tunataja jedwali na kolamu zinazohitajika pale pale. Watu wawili wakitengeneza migresheni kwenye matawi tofauti ya msimbo, Alembic hupata vichwa viwili (migresheni mbili za mwisho) na kukataa kupanda. `alembic heads` huvionyesha, `alembic merge` huviunganisha.

Kabla ya badiliko lolote kukubaliwa, mashine yetu ya majaribio hupitia njia mbili. Kwanza hupanda kutoka hifadhidata tupu hadi mwisho na kuendesha `alembic check`, iliyokuja na toleo la 1.9, inayoshindwa kama modeli na migresheni havikubaliani. Kisha hupanda kutoka nakala ya data halisi. Hiyo ya pili ndiyo inayokamata makosa karibu yote, nayo ina masharti yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu, na kuwa na majina na simu za wanachama kwenye laptopu za wasanidi si jambo la kuchukulia kirahisi. Nakala hupitishwa kwanza kwenye skripti inayofunika majina, simu na namba za NIDA, lakini inayoacha NULL palipo na NULL na sifuri palipo na sifuri, maana huo uchafu ndio tunaoutafuta. Skripti hiyo huendeshwa ndani ya seva yenyewe, na nakala isiyofunikwa haitoki humo.